Safu, Mkondo na Ombi la Kiasi: Kasoro Moja ya Uundaji wa Istilahi

Waundaji wa istilahi za Kiswahili aghalabu huanza na neno la kigeni, ilhali wangepaswa kuanza na utendaji wa dhana. Madhara ya mwelekeo huo hudhihirika katika upelekaji wa data za JSON baina ya programu za Java.

Toleo la 9 la Java, la mwaka 2017, liliingiza violesura vya mikondo itikivu. Katika utaratibu huo, mtoaji hatoi kipashio chochote mpaka mpokeaji ataje idadi anayoweza kuipokea. Toleo la 5 la Spring, la mwaka huohuo, lilijenga WebFlux juu ya kanuni hiyohiyo.

Tatizo la kwanza ni la umbo. Safu ya JSON hufunguliwa kwa mabano ya mraba, wala haikamiliki mpaka yafungwe; mkondo usio na mwisho hauwezi kuwa safu kamili. Ndiyo maana hutumiwa NDJSON, ambamo kila mstari ni JSON kamili na huweza kusomwa kabla ya ule unaofuata kufika. Mwanafunzi aliyezoezwa kuziita zote mbili "orodha" hatang'amua ni kwa nini programu yake inangoja mabano yasiyofungwa kamwe.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mkondo wa maji haumwulizi aliye bondeni. Hapa mpokeaji huulizwa. Tafsiri sisisi "msukumo wa nyuma" huzidisha utata, kwani hakuna kinachosukumwa. "Mgawo" nao haufai: hukadiriwa na mtoaji, kama wajuavyo wote wanaongojea maji ya bomba. Istilahi ifaayo ni "ombi la kiasi".

Yaweza kupingwa kwamba ombi hilo halivuki mtandao, maana katika HTTP/1.1 kasi hudhibitiwa na TCP iliyo chini yake. Ni kweli, lakini huko pia mpokeaji ndiye atangazaye nafasi aliyo nayo. Hoja inabaki palepale.

Iwapo Kiswahili kitafundishia taaluma hii vyuoni, kamati za istilahi hazina budi kumketisha mtaalamu wa programu pamoja na mwanaisimu kabla neno halijachaguliwa. Neno likishaingia kamusini, kulitoa ni kazi ya kizazi kizima.