Darsa za mubashara zisipotee



Mwezi uliopita binti wa sheikh wetu, Allah amrehemu, alifika ofisini kwetu baada ya sala ya Alasiri akiwa na ombi dogo. Alitaka nakala za darsa 24 za Juzuu Amma ambazo marehemu baba yake alizisomesha Ramadhani iliyopita, na ambazo kamati ilizirusha mubashara mtandaoni baada ya Tarawehe. Tulimkaribisha kiti, tukapekua kabati na simu zetu, na hatukuwa na hata moja. Kijana wetu alikuwa akirusha kwa simu bila kuhifadhi, nasi wanakamati hatukuwahi kumwuliza. Kosa hilo ni letu, wala hatumtwiki mtu mwingine.

Aliyetustiri ni mama mmoja wa mtaani kwetu. Binti yake ni muuguzi Muscat, na zamu za usiku zilimzuia kusikiliza darsa kwa wakati wake. Mama akawa anamrekodia kwa kompyuta ya nyumbani kila alipopata nafasi. Alituletea darsa 11 ndani ya flashi. Katika nyingi ya hizo sheikh anafasiri huku mwiko ukigonga sufuria ya daku, na mtoto akiuliza mara ya tatu kama anaweza kwenda kulala. Binti wa marehemu alizipokea hivyo hivyo, akalia.

Wengi wetu tunadhani kilichorushwa mtandaoni kinakaa huko daima. Sivyo. Facebook ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 19 Februari 2025 video mpya za mubashara zitabaki kwa siku 30 tu, kisha zitafutwa. YouTube huhifadhi yenyewe matangazo yasiyozidi saa 12, lakini mwenye ukurasa anaweza kuyafuta au kuyaficha wakati wowote. Kwa hiyo mwenye kuitaka darsa aiweke nyumbani kwake.

Programu aliyotumia mama yetu inaitwa OBS Studio. Hutolewa bure, na hufanya kazi katika kompyuta za Windows, Mac na Linux. Ukishaiweka, unaielekeza kwenye dirisha ambamo darsa inaoneka, kisha unabonyeza kitufe cha kuanza kurekodi. Ugumu hauko hapo. Ugumu uko katika mambo madogo ambayo hugundulika sheikh akiwa ameshaomba dua ya kufunga.

La kwanza ni sauti. Programu hii hunasa sauti inayotoka ndani ya kompyuta na pia ile inayoingia kwa maikrofoni. Nyamazisha maikrofoni, na jiko lako halitaingia katika tafsiri ya Suratun-Naba'. Funga na WhatsApp, kwa maana mlio wa kila ujumbe nao hunaswa. Rekodi dakika moja ya majaribio, uisikilize, ndipo uanze.

La pili ni umeme, na hapa wasomaji wetu hawahitaji maelezo marefu. Katika mipangilio ya kurekodi chagua aina ya faili iitwayo MKV. Faili la kawaida la MP4 likikatizwa kabla ya kufungwa vyema huweza lisifunguke tena kabisa, ilhali la MKV hubaki na yote yaliyokwisha kunaswa. Baadaye programu hiyo hiyo huligeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora, ili babu alitazame katika simu yake. Ikiwa ni kompyuta mpakato, izuie isijilaze yenyewe katikati ya darsa.

Kuhusu nafasi, ukirekodi kwa kasi ya kilobiti 2,500 kwa sekunde, saa moja huchukua takribani gigabaiti 1.2. Darsa zote 24 za marehemu, kwa saa moja kila moja, zingeenea katika flashi ya gigabaiti 32. Tahadhari tu kwamba flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao hukataa faili lifikalo gigabaiti 4 hata kama nafasi ipo tele. Bando nalo huliwa na kutazama. Kurekodi hakuongezi kitu juu yake.

Sasa adabu. Darsa ya umma ni jambo moja, na nikahi ya jamaa inayorushwa ili walioko Muscat na London waione ni jambo jingine. Humo mna wake za watu katika mapambo yao, na waliokubali kuonekana na ndugu kwa saa moja hawakukubali kuhifadhiwa katika kompyuta ya mtu miaka kumi. Omba idhini kwa wenye shughuli. Hata darsa, mwombe mwalimu kabla ya kuisambaza, na usikate kipande cha nusu dakika kikamsemesha asichokikusudia. Tumeshaona misikiti ikigawanyika kwa kipande cha namna hiyo.

Tena liandike faili jina linaloeleweka. Wanafunzi wa hadithi wa zamani waliandika pembeni mwa nuskha zao walisoma kwa nani, wapi, tarehe gani, na nani walihudhuria. Faili lisilo na jina la mwalimu, sura na tarehe ni vigumu kulitambua baada ya mwaka, hata kwa aliyelirekodi mwenyewe.

Darsa 11 tulizonazo zinaanzia Suratun-Naba' na kuishia Suratul-Ghashiya. Kuanzia Suratul-Fajr hadi Suratun-Nas hatuna. Aliyerekodi, hata robo saa, hata kwa simu iliyoelekezwa kwenye skrini, tunamwomba atuletee ofisini baada ya sala ya Ijumaa. Flashi yake atarudishiwa papo hapo.