Tumbo la Jumatatu: mtoto anaumwa au ana jambo moyoni?

Jumatatu asubuhi mtoto anaamka akilalamika tumbo. Hana homa, hajatapika, na usiku alikula vizuri. Wazazi wengi hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: kumpa dawa ya maumivu, au kumwambia aache visingizio vya kukwepa shule.

Mganga wa tiba ya jadi ya Kichina angeuliza kwanza swali jingine: mtoto huyu anawaza nini?

Huangdi Neijing, kitabu cha tiba cha China chenye umri wa miaka ipatayo 2,000, hakitenganishi hisia na viungo vya ndani. Kinafundisha kwamba kila hisia ina kiungo chake, na kwamba ikizidi huvuruga mzunguko wa qi (hutamkwa ‘chi’), yaani nguvu ya uhai inayoaminika kupita mwilini:

• Hasira ni ya ini. Hupandisha qi juu, uso ukawa mwekundu na kichwa kikauma.
• Furaha iliyopita kiasi ni ya moyo. Humfanya mtu akose utulivu na usingizi.
• Mawazo mengi ni ya bandama. Hufunga qi kama fundo, tumbo likajaa na hamu ya kula ikapotea.
• Huzuni ni ya mapafu. Hupunguza nguvu, pumzi ikawa fupi.
• Hofu ni ya figo. Hushusha qi chini, hata mkojo ukatoka bila mtu kutaka.

Katika mafundisho hayo, hisia zenyewe si ugonjwa. Shida huanza zinapozidi, zinapodumu au zinapofungiwa ndani. Lugha ya Kiswahili nayo haiko mbali na fikra hiyo: maneno makali humkata mtu maini, na aliyekata tamaa huwa amevunjika moyo.

Hata hivyo, mzazi asichanganye mambo. Bandama inayotajwa na mganga wa Kichina si ile inayoonekana kwenye kipimo cha hospitali, ambayo kazi yake ni kuchuja damu na kusaidia kinga ya mwili. Sayansi haijathibitisha kuwapo kwa qi. Inachokubali ni kwamba ubongo na tumbo huwasiliana kwa njia ya neva na homoni, ndiyo maana wasiwasi huweza kuleta maumivu ya kweli. Mtoto huyo huenda hadanganyi.

Watu wazima pia husema kwa miili yao. Mwaka 1980, katika jimbo la Hunan nchini China, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, Arthur Kleinman, aliwachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana udhaifu wa neva. Malalamiko yao yalikuwa ya mwili, kama kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Kati yao, 87 walikuwa na dalili za sonona.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, ugonjwa uangaliwe. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, homa, kutapika mara kwa mara, damu kwenye choo au kupungua uzito ni sababu ya kwenda hospitali. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena apimwe mkojo, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa maambukizi au kisukari, si hofu pekee.

Pili, siku ziandikwe. Tumbo linalouma siku za shule na kupona Jumamosi lina jambo la kueleza.

Tatu, mtoto aulizwe kwa upole, tena si mbele ya wenzake. Swali kama “Wakati wa mapumziko unacheza na nani?” hufungua mdomo kuliko “Una nini wewe?” Jibu likionyesha kwamba anapigwa, anaonewa au anaguswa vibaya, mzazi achukue hatua siku hiyohiyo.

Nne, asipewe mitishamba ya ‘kusawazisha viungo’ bila ushauri wa daktari. Miaka ya 1990 mwanzoni, wanawake nchini Ubelgiji waliotumia dawa za kupunguza uzito zenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo, baada ya mmea wenye sumu kutumika badala ya mwingine.

Neijing ina fundisho moja lisilohitaji dawa: kufikiri hushinda hofu. Mtoto anayeogopa mtihani, sindano au shule mpya hutulia zaidi akielezwa hatua kwa hatua kitakachotokea. Akiambiwa tu “usiogope”, hofu hubaki palepale, na kesho yake asubuhi tumbo linaweza kuuma tena.