Mzamiaji mpya asikimbilie kuongeza vyuma

Mnemba, Zanzibar, mzamiaji mpya akigoma kuzama, haraka anataka aongezewe vyuma kiunoni. Hapo ndipo anapojifunga bao mwenyewe.

Mara nyingi tatizo ni pumzi. Mchecheto unamfanya ajaze mapafu, na mapafu yaliyojaa yanaelea kama mpira. Dawa ni kutoa hewa kwenye jaketi, kisha kushusha pumzi taratibu mpaka kichwa kizame.

Vyuma vikizidi, kule chini atalazimika kujaza jaketi hewa nyingi ili asigonge matumbawe. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Akipanda, hewa ile inatanuka na kumrusha juu kama fataki. Akibana pumzi hapo, mapafu yanaweza kupasuka.

Pumzi kwanza, vyuma baadaye.