Hawaikani Lugha ya Wazazi Wao

"Lugha mbili humchanganya mtoto." Watoto wa wahamiaji wa Kichina nchini Marekani bado husemwa hivyo, ingawa katika utafiti uliochapishwa 1962 wanasaikolojia Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi huko Montreal, wakakuta wanaojua Kifaransa na Kiingereza wamewapita wenye lugha moja. Tusichelewe hapo.

"Anayemjibu mama yake kwa Kiingereza anamdharau." Hili linaniuma, maana linamtwisha mtoto lawama isiyo yake. Mjini San Francisco, wanafunzi wapatao 1,800 wa asili ya Kichina walikaa madarasani bila kujua Kiingereza wala kusaidiwa, hadi Mahakama ya Juu ilipowapa haki mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Mtoto hutambua mapema ni lugha ipi inayosikilizwa. Akirudi kuijaribu ya nyumbani, shangazi zake wanamcheka matamshi mezani. Anaelewa kila kitu, ila ananyamaza. Hiyo ni haya.

Tena haya yenyewe haielekei upande mmoja. Amy Tan, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Kichina, aliandika katika insha yake ya 1990 kwamba alipokuwa akikua alionea haya Kiingereza cha mama yake. Akiwa na miaka kumi na mitano alimpigia simu dalali wa hisa huko New York akijifanya ndiye mama, na mama mwenyewe yuko nyuma yake anamnong'oneza. Kazi hiyo ya ukalimani humpa mtoto fahari na kumchosha papo hapo.

"Mpeleke shule ya Jumamosi, atajua Kichina." Kichina kipi? Wahamiaji wengi wa mwanzo walitoka Taishan, mkoani Guangdong, na msemaji wa huko haelewani na msemaji wa Kimandarini, japo wanaandika kwa herufi zilezile. Shule nyingi sasa hufundisha Kimandarini. Mtoto anaweza kuleta alama nzuri nyumbani na bado akashindwa kumwambia bibi yake kwamba tumbo linamuuma. Halafu anaambiwa mvivu! Hakuacha lugha ya bibi, hakuna aliyemfundisha.

Mzazi mwenzangu uliyeko ughaibuni na Kiswahili chako, mwanao akikujibu kwa Kiingereza, usimsute mbele ya wageni. Endelea kuzungumza naye kwa Kiswahili, na akikosea, msikilize mpaka amalize.