Takrima ya Mgeni

Mwaka 2000 mgombea ubunge alifika nyumbani kwa shangazi yangu. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani, akamwita mama. Akaulizia maumivu ya miguu yake, akampakata mjukuu mwenye kamasi, akaonja na uji. Alipoaga, kijana wake akatoa doti ya kanga na kilo mbili za sukari. Shangazi machozi yalimlenga. "Mtu mkubwa kama yule kukanyaga kwangu!"

Wakati ule kisima cha kijiji kilikuwa kimekauka. Mgeni hakukitaja, na shangazi aliona haya kumsumbua.

Mwaka huohuo Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa. Zawadi za namna ile zikapewa jina zuri, takrima, eti ni ukarimu wa asili yetu. Nauliza, asili ya nani? Kwetu sisi mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Mgeni naye aweza kuja na kifurushi mkononi, lakini hamwachii mwenyeji deni la kulipwa kwenye sanduku la kura. Ukarimu unaodai malipo ni biashara, na bidhaa yenyewe ni sisi.

Aprili 2006 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kile kwa kuwa kilikwenda kinyume cha Katiba: kilimbeba mgombea tajiri na kumbagua maskini. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ni vyema. Lakini hakuna hakimu wala sheria iwezayo kuketi nasi mkekani na kutufumbua midomo.

Sisemi wagombea wasitutembelee. Waje! Kwenye mkutano wa hadhara kipaza sauti ni kimoja, na anacho yeye. Nyumbani hakuna kipaza sauti. Pale mnatazamana macho kwa macho, na sauti ya bibi kizee ina uzito sawa na ya mheshimiwa mtarajiwa. Nafasi hiyo adimu ndiyo tunayoiuza kwa kilo mbili za sukari, kisha tunajisifu kwamba tuna adabu. Kunyamaza mbele ya anayeomba kazi kwako si adabu, ndugu msomaji. Ni woga.

Kanga ya shangazi ilichuja kabla ya miaka mitano kwisha, na maji aliendelea kuyafuata bondeni kwa miguu ileile iliyoulizwa hali.

Basi akija kwako, mtandikie mkeka, mpe uji anywe. Kisha muulize habari za kisima.