Kimeo, Meno ya Watoto na Bibi Zetu

Mtoto mchanga akikohoa siku nyingi katika mtaa wetu wa Biryogo, hawakosi wazee wa kusema, “Ana kimeo, akatwe.” Kwa Kinyarwanda huitwa ikirimi. Akiharisha, na ufizi ukaonekana una weupe, husemwa ameota meno mabaya, yang’olewe. Hayo ndiyo ibyinyo, na wenzetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki. Sisi tuliosoma twajua ya kuwa weupe ule ni meno ya utoto yasiyochomoza bado, na ya kuwa wembe mchafu huleta kutokwa damu nyingi, na hata pepopunda.

Basi wako wanafunzi warudio likizo na daftari la bayolojia, wakamwambia bibi, “Huo ni ujinga.” Bibi hunyamaza. Usiku mtoto hupelekwa kwa mkataji, na yule msomi haambiwi neno.

Mimi naona bibi si mjinga. Ushahidi anao: amewakatisha watoto sita, wote wakapona. Lakini kikohozi cha mafua kwa kawaida hupona chenyewe, mtoto akatwe asikatwe, na mkataji ndiye apataye sifa. Aliyekuwa na homa ya mapafu akafa, ikasemwa alicheleweshwa. Mtu aliyeona kwa macho yake hashindwi na daftari.

Afadhali kumwuliza: “Bibi, hukupata kumwona aliyekatwa asipone?” Huenda yuko amkumbukaye, wala hakuna aliyepata kumwuliza habari zake. Kisha mhesabu pamoja pumzi za mtoto ametulia, saa mkononi. Mwenye miezi 2 mpaka 12 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika moja, yampasa kupelekwa kituo cha afya siku ile ile; aliye chini ya miezi 2, ni mara 60. Hesabu hii si ya madaktari peke yao. Bibi avutaye tasbihi kila alfajiri hatashindwa kufika hamsini! Na mtoto akiharisha, kumnywesha yale maji ya dawa ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, pamoja na ziwa la mama, yataka mtu mwenye subira. Kazi hiyo apewe bibi, asione kuwa amenyang’anywa mjukuu.

Pengine mtaniambia heshima isizidi uhai wa mtoto. Ni kweli. Mtoto akipumua kwa shida au akishindwa kunyonya, hakuna mazungumzo. Abebwe mara moja, na bibi aombwe radhi baadaye.

Wako wanafunzi wa zamani wa shule hii ambao sasa ni waganga na wauguzi. Ningefurahi wakituandikia katika gazeti hili jinsi walivyosema na mama zao wenyewe, maana kusema na mgonjwa usiyemjua ni jambo jingine kabisa.