Myshkin: Mji wa Volga unaofichua unyonge wa serikali za mashinani Urusi

MJI wa Myshkin, ulio ukingoni mwa mto Volga katika jimbo la Yaroslavl nchini Urusi, ni mdogo mno. Sensa ya mwaka 2010 ilipata wakazi wasiotimia 6,000. Hata hivyo, historia yake yaonyesha jinsi haki ya wananchi kujitawala inavyotolewa na kutwaliwa na wakuu walio mbali.

Hadhi ya mji ilitoka kwa Malkia Catherine wa Pili mwaka 1777, alipokuwa akipanga upya majimbo yake. Mwaka uliofuata, Myshkin ulipata nembo yenye dubu, ishara ya Yaroslavl, na panya chini yake, kwani jina la mji latokana na neno la Kirusi la mnyama huyo. Biashara ya mtoni iliwaneemesha wafanyabiashara wake.

Kilichotolewa kwa kalamu ya mkuu huondolewa kwa kalamu iyo hiyo. Katika miaka ya 1920, utawala wa Kisovieti uliivua Myshkin hadhi ya mji. Jirani yake Mologa, uliopandishwa hadhi mwaka huo wa 1777, ulikumbwa na makubwa zaidi. Bwawa la Rybinsk lilipoanza kujazwa mwaka 1941 ili kuzalisha umeme, mji huo ulimezwa na maji. Watu wapatao 130,000 wa eneo hilo walihamishwa, nao hawakuwa na baraza la kuwatetea.

Myshkin ulirejeshewa hadhi yake mwaka 1991, baada ya wakazi wapendao historia kuidai. Jina lililochekwa na wengi likageuka kitega uchumi: makumbusho ya panya yalivutia watalii washukao kwenye meli za Volga.

Katiba ya mwaka 1993, katika kifungu cha 12, ilitamka kwamba serikali za mitaa si sehemu ya mamlaka ya dola. Sheria ya mwaka 2003 ikaunda ngazi mbili, wilaya na makazi, na miji midogo kama Myshkin ikawa na mabaraza yake. Lakini sheria za mwaka 2014 na 2015 ziliruhusu majimbo kufuta uchaguzi wa moja kwa moja wa mameya. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2020 yakaziingiza serikali za mitaa katika mfumo mmoja wa mamlaka ya umma.

Machi 2025, Rais Vladimir Putin alitia saini sheria inayoelekeza ngazi hizo ziunganishwe kuwa moja, ingawa majimbo yanaweza kubakisha mbili. Sheria hiyo pia yampa gavana uwezo wa kupendekeza wagombea wa ukuu wa serikali za mitaa.

Watetezi wake husema mabaraza madogo hayana fedha wala wataalamu. Ni kweli. Lakini umaskini huo una chanzo: mabaraza huachiwa kodi za ardhi na za nyumba za watu binafsi, huku sehemu kubwa ya kodi ya mapato ikienda jimboni. Kumnyima mtu chakula kisha kumlaumu kwa udhaifu si haki.

Kuunganisha mabaraza huenda kukapunguza mishahara ya maafisa. Ila bomba la maji likipasuka, mkazi wa mji mdogo atamwendea nani, ikiwa mwenye kuamua hahitaji kura yake?